Viraka themanini

Fundi alishika wembe kwa vidole viwili, akaupenyeza chini ya mshono, akavuta taratibu. Nyuzi zikakatika moja moja, kwa mlio mdogo kama wa mtu anayetafuna karanga chumba cha pili. Mbele yake, juu ya meza ya cherehani, ilikuwapo safu ya viraka kumi vya kitenge niliyoishona asubuhi ile nikajiona nimeiva. Kiraka cha tatu kilikuwa na picha ya kanga, ndege yule wa madoadoa, na kanga wangu alikuwa amesimama miguu juu.

"Tunafumua, dada," alisema.

"Safu nzima?"

"Kuanzia hapa kwa huyu aliyekufa."

Ilikuwa mwezi wa saba, barazani Omurushaka, wilaya ya Karagwe. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na kila gari lililopita kuelekea Nkwenda na Murongo lilituachia vumbi lake hadi ndani ya bobini. Fundi ana cherehani mbili za miguu. Moja hushonea sare za shule. Ya pili, iliyochubuka hadi jina la kiwanda halisomeki, alinikodisha kwa wiki mbili pamoja na ushauri, na ushauri ndio ulioniuma zaidi kwa sababu aliutoa mbele ya wateja.

Nilikuwa nashona blanketi. Watu wa pwani wana neno lao, mfarishi, la tandiko lenye tabaka mbili za kitambaa na pamba katikati. Huku kwetu Kagera neno hilo halikupanda mlima. Tunasema blanketi la viraka, na anayelisikia mara ya kwanza hudhani umefilisika.

Kiraka nacho ni neno lililoonewa muda mrefu. Miaka ile baada ya vita vya Kagera, nguo ikiwa kitu cha kupangia foleni dukani, kaka yangu alikwenda shule na kaptura yenye viraka viwili nyuma. Darasani kwao waliviita miwani. Alijifunza kutembea ameegemeza mgongo ukutani, na mpaka leo, akiwa na watoto wanne na gari, ukimwonyesha kiraka anageuka pembeni. Baadaye lugha ikajirudi yenyewe: siku hizi mchezaji kiraka, anayecheza beki leo na winga kesho, kila kocha anamtafuta. Lakini kwa kaka yangu huruma hiyo ilichelewa.

Msomaji wa Dar es Salaam anayelala na feni asiulize blanketi la nini. Sehemu kubwa ya makazi ya Karagwe na Kyerwa iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ukungu hushuka migombani mpaka mbwa wanahamia jikoni kwenye majivu. Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe ikawa wilaya mwaka 2012, lakini baridi haikugawanywa.

Vitenge vilikuwa vya mama. Matanga yalipoisha, nguo zake ziligawanywa kama desturi inavyotaka: sweta kwa huyu, viatu kwa yule, koti la mvua likagombaniwa kidogo kwa adabu. Mwishoni likabaki sanduku la bati lenye vitenge kumi na kimoja, vingine magauni, vingine bado vipande vya kujifunga, na kila mtu akasema chukua wewe. Nikavibeba hadi Mwanza ninakofanya kazi, vikakaa juu ya kabati mwaka mzima na harufu yao ya moshi na sabuni ya mche. Siku moja nikaamua virudi nyumbani vikiwa kitu kimoja.

Tangu siku hiyo nikawa na swali moja ambalo nilimwuliza kila niliyekutana naye mwenye sindano au nyundo mkononi: katika kazi yako, hatua gani unaipenda, na ipi ungemwachia adui? Fundi hakufikiri hata kidogo. Anachukia kupima wateja. "Wanabana tumbo," alisema. "Nampima mtu, nashona kipimo, anakuja kuchukua nguo amepumua."

Mimi jibu langu lilikuwa mkasi.

Kabla ya mkasi kuna kazi ambayo haina jina zuri wala ubaya mkubwa: kuloweka. Vitenge havifanani tabia. Kipya kina wanga wa dukani, ukikifua kinanywea. Cha bei rahisi kinachuja rangi, na ukikishona karibu na cheupe bila kukijaribu, siku ya kwanza ya kufua utapata blanketi la waridi. Niliviloweka kimoja kimoja kwenye maji ya chumvi, nikavianika juu ya ua wa mama mkubwa huko Nkwenda, nikavipiga pasi ya mkaa. Hapo kwenye pasi nilifanya kosa ambalo litarudi mwishoni. Nilipuliza mkaa nikiwa nimeiinua juu ya kitambaa, cheche ikaruka.

Kisha mkasi. Fundi alinikatia kipande cha boksi la sabuni, inchi tisa kwa tisa, akaniambia kila kiraka nikichore kwa boksi hilohilo na kamwe nisichore kwa kiraka kilichotangulia. Sababu nimeielewa baadaye. Kila upande hupotea nusu inchi ndani ya mshono, kwa hiyo kiraka cha inchi tisa hubaki nane. Viraka kumi hutoa urefu wa inchi themanini, safu nane hutoa upana wa sitini na nne. Ukikosea robo inchi tu kwa kila kiraka, safu moja inapishana na mwenzake kwa inchi mbili na nusu, na pembe hazitakutana hata uvute kwa meno. Na ukichora kiraka kwa kiraka, kosa la kwanza linazaa watoto.

Hesabu haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kitenge cha kijani chenye kanga, ambacho mama alikivaa siku ya kipaimara changu. Nilikikunja, nikakikunjua, nikakizungusha nitafute pa kuanzia, nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Mshono ukikosewa unafumuliwa, lakini hakuna wembe unaorudisha ulichokata. Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi, kisu kikienda bila yeye kukiangalia. "Mwanangu," alisema, "hicho kitambaa hakiumi." Nikakata. Kilitoa sauti ileile inayotolewa na kitambaa chochote.

Kimoja kilikatika kwa raha kuliko vyote: kitenge cha kampeni za mwaka fulani, chenye uso wa mgombea uliorudiwarudiwa kama stempu. Mama alipewa bure na alikivaa shambani. Nilipanga boksi kwa makini hadi kila kiraka kikabaki na sikio moja na kipande cha kola. Ukimjua, utamjua kwa sikio.

Nilipomweleza hofu yangu mzee mmoja wa Mabira, upande wa Kyerwa, alinicheka waziwazi. Yeye ujanani alikuwa mpigaji wa lubugo, nguo ya gome la mti, kabla hajahamia kwenye kahawa. "Wewe unakata kitu kilichokwisha kufa," alisema. "Mimi nilikata kinachokunywa maji."

Mti wa lubugo ni wa ukoo wa mkuyu. Ng'ambo ya mto Kagera, Wanyankole huuita omutoma na Waganda mutuba. Huvunwa wakati wa mvua, utomvu ukiwa umejaa, kwa kuwa gome la kiangazi hung'ang'ania. Kwanza hukwanguliwa ganda gumu la nje. Halafu mvunaji anakata mviringo juu, chini ya matawi, na mviringo mwingine karibu na ardhi, kisha mstari mmoja wa wima wa kuunganisha miviringo hiyo. Kisu kikizama mno, mti unajeruhiwa. Kisipofika, gome litachanika wakati wa kulibandua. Baada ya hapo chuma kinawekwa chini. Kabari ya mgomba hupenyezwa kwenye ule mpasuko na gome husukumwa polepole mpaka litoke zima, kama shati. Mti uliobaki uchi huvishwa majani ya mgomba papo hapo na kufungwa, ili usikauke na uote gome jipya. Gome la kwanza la mti mchanga hutoa nguo ya kukwaruza. Mavuno yanayofuata ndiyo laini. Mti mmoja huvunwa hivyo mwaka baada ya mwaka, na mkulima huupanda katikati ya migomba yake akijua utamvisha na mwanawe.

"Ukikata vibaya," alisema mzee, "utalitazama lile kovu kila siku unapokwenda shamba. Na jirani analitazama."

Gome hilo hulainishwa kwa moto wa majani makavu, hulazwa juu ya gogo ndani ya kibanda kisichoingia jua, hupigwa. Nyundo ni za mbao na zina mifereji kuzunguka kichwa: ya kwanza mifereji mipana, ya pili ya kiasi, ya tatu myembamba kama vitana. Gome hukunjwa, hupigwa, hukunjuliwa, hupigwa tena, na upana wake huongezeka mara kadhaa. Wapigaji wawili hupokezana mapigo, na mzee alinionyesha kwa viganja juu ya goti namna mwendo ulivyokuwa, mkono wa kulia wake, wa kushoto wa ndugu yake aliyekwisha fariki. Aliendelea kidogo kuliko ilivyohitajika.

Lakini nilipomwuliza hatua anayoipenda hakutaja kupiga. Alitaja jua. Lubugo ukishapigwa hutandazwa nje, pembeni umewekewa mawe, na ukiwa hapo hugeuka rangi wenyewe, kutoka weupe wa gome bichi hadi wekundu wa tofali lililoiva. "Unakaa," alisema. "Unautazama tu. Kazi anaifanya mwingine."

Na ya kumwachia adui? Matundu. Kila palipokuwa na tawi, gome hutoka na tundu, na tundu huzibwa kwa kipande cha gome lilelile, kilichoshonwa kwa uzi wa nyuzi za mimea, kisha kupigwa hadi kilale sawa na nguo. Hapa ndipo nilipogundua kwamba mimi na yeye tunatumia neno moja kwa kazi mbili zinazopingana. Kiraka cha lubugo sifa yake ni kutoonekana. Mzee alijivunia kwamba mnunuzi angeupitisha lubugo wake usoni kutafuta viraka asivione. Mimi nilikuwa nashona vya kuonekana kutoka barabarani.

Lubugo ndio uliokuwa blanketi la nchi hii kabla ya blanketi. Watu waliuvaa, walijifunika nao, walizikwa nao. Msafiri Mwingereza Speke alipofika ikulu ya Rumanika, mfalme wa Karagwe, huko Bweranyange mwezi Novemba 1861, alilikuta neno mbugu, yaani nguo hiihii ya gome, likitumika tayari, na kitabu chake cha 1863 kimelijaza kurasa nyingi. Lakini mshindani wa lubugo alikuwa amekwisha kuwasili. Karibu na Bweranyange palikuwa na Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu waliotoka Unyanyembe. Msafiri Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta huko mmoja wao, Hamed Ibrahim. Shehena yao ilikuwa shanga, waya na kitambaa, hasa kile cheupe kilichofumwa viwandani Massachusetts ambacho Waswahili walikipa jina la nchi kilikotoka: merikani. Kwa hiyo Karagwe iliijua Marekani kama kitambaa kabla ya kuijua kama kitu kingine chochote. Hilo nalo nitalirudia.

Utengenezaji wa nguo za magome nchini Uganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa kipekee wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha yake ya urithi usioshikika. Upande wetu wa mto, mzee wa Mabira hana mtoto hata mmoja aliyerithi kazi yake. Amebakiwa na nyundo mbili. Moja inazuia mlango wa stoo usijifunge kwa upepo.

Nilirudi Nkwenda na viraka vyangu vilivyokatwa, vimefungwa kwa mafungu kumi kumi kwa kamba za mgomba, nikaanza kutandaza.

Kama kuna mtu anataka kushona blanketi kwa ajili ya kitu kimoja tu, ashone kwa ajili ya siku hii. Tulitoa makochi yote nje, na vitambaa vyake vya kufuma vikiwa bado vimelala migongoni. Tulifagia sakafu, tukaipiga deki, tukasubiri ikauke. Kisha nikaanza kupanga viraka kimoja kimoja, nane kwenda juu, kumi kwenda pembeni. Vitenge kumi na kimoja nilivyovijua maisha yangu yote nikawa sivijui. Kile cha njano, ambacho kilipokuwa gauni kilikuwa kinapiga kelele kanisani, kikiwekwa karibu na bluu ya Siku ya Wanawake kilinyamaza. Kahawia iliyopauka, ambayo nilitaka kuitupa, ilipokaa katikati ya vyekundu viwili iliwaka. Unasogeza kiraka kimoja, chumba kizima kinabadilika. Hujakosea chochote, maana hujashona chochote. Unasimama juu ya kiti, unafumba jicho moja, unashuka, unabadilisha, unapanda tena.

Watoto wa jirani walisimama mlangoni wakatoa maagizo. Kuku aliingia, akapita juu ya safu ya tano kwa heshima zote, akaacha alichoacha kwenye sikio la mgombea. Mama mkubwa alisema haoni tofauti yoyote, vyote ni vitenge, akaenda kulala. Asubuhi nilikuta safu mbili za katikati zimepangwa upya. Vya kanga vilikuwa vimesambazwa, kimoja huku, kimoja kule, na vya kampeni vimesukumwa ukingoni ambako vitaning'inia uvunguni. Nilimwuliza. Alisema labda ni yule kuku.

Nikiwa juu ya kile kiti nilikumbuka tandazo jingine. Tarehe 11 Oktoba 1987, kwenye uwanja mkubwa wa Washington, Wamarekani walitandaza blanketi la vipande 1,920, kila kimoja futi tatu kwa sita, kipimo cha kaburi, na kila kimoja kina jina la mtu aliyekufa kwa ukimwi. Wazo lilikuwa la Cleve Jones wa San Francisco, na ndugu na marafiki walishona wenyewe: suruali za marehemu, tai, wanasesere wa utotoni. Mwaka huo sisi pia tulikuwa tunazika. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi Tanzania waligunduliwa Kagera, mwaka 1983, na hadi miaka ya tisini kulikuwa na vitongoji ambavyo msiba uliukuta msiba. Hapa hatukushona majina. Tuligawana nguo, na waliobaki wakazivaa hadi zikaisha, shambani, sokoni, kwenye misiba mingine. Sijui kama tungekuwa na nafasi ya kutandaza.

Kushona kwenyewe sina mengi ya kusema. Mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, akili inatembea, na akili ikitembea ndipo kanga anasimama kichwa chini. Nilifumua safu ile ya kwanza, nikafumua nusu ya safu ya nne ambapo uzi wa chini ulilegea ukatoa vitanzi kama nywele za kipilipili, na nikafumua mshono mmoja mara tatu. Siku ya pili sikuhitaji kuambiwa. Kuna raha ndogo katika kufumua ambayo hakuna anayeikiri: unakuta mishono kumi inayotii wembe mmoja, unapata kitambaa chako kama kilivyokuwa, kina vitundu vidogo tu vinavyofutika ukikisugua kwa ukucha. Baada ya mkasi, wembe ni huruma. Fundi alisema wanafunzi wake wote huchukia kufumua mwaka wa kwanza, na wakianza kukupenda anajua sasa wanachelewesha kazi za watu.

Hapo ndipo tulipohesabu. Viraka vizima vilikuwa sabini na tisa. Cheche ya pasi ilikuwa imekula tundu la ukubwa wa punje ya mahindi kwenye kiraka kimoja cha kahawia, katikati kabisa, na kitenge hicho kilikuwa kimekwisha. Nilisema nitaziba tundu kwa mtindo wa Mabira, kiraka kisichoonekana juu ya kiraka kinachoonekana. Fundi alikitazama, akakiweka kando, akainama chini ya meza kwenye gunia lake la mabaki. Akatoa kipande cha zambarau chenye maua meupe madogo, akakipima kwa boksi langu, akakikata kwa mkasi wake mkubwa bila kupumua wala kuchota maji. Sekunde nne hivi.

"Bei gani?"

"Hicho ni takataka, dada."

Juu ikakamilika. Chini tuliweka shuka nene la kijivu, na katikati, badala ya pamba, blanketi kuukuu lililokwisha nyonyoka ambalo mama alijifunikia. Cherehani haikuweza tabaka tatu. Sindano namba 14 ilikatika, ya 16 ikakatika, na fundi akasema mashine hiyo inashona hadi kabuti la askari lakini si wakati mmoja na kumbukumbu zangu. Ikabidi tufunge mafundo kwa mkono.

Namna hiyo ya kufunga niliwahi kuiona nikiwa mdogo. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Kagera kwa mamia ya maelfu, wengi Ngara na wengine huku Karagwe, kambi zilifunguliwa na misaada ikaanza kupita barabarani kwa malori. Wakati fulani baada ya hapo nilimsindikiza mama kumwona mgonjwa wodini, na juu ya kitanda kilikuwapo kitu ambacho sikuwahi kukiona: blanketi zito la vipande vya jinzi na mapazia, na kila baada ya kiganja kuna fundo la uzi limesimama kama sharubu. Mama alikishika akakigeuza, akaangalia nyuma. Nilikuja kujua ukubwani kwamba akina mama wa makanisa ya Kilutheri Marekani hushona mablanketi ya aina hiyo, inchi sitini kwa themanini, na shirika lao la Lutheran World Relief, lililoanzishwa mwaka 1945, huyasafirisha duniani. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoyapokea. Merikani ilikuwa imerudi Karagwe, safari hii imekatwakatwa.

Mafundo hufungwa pale pembe nne za viraka zinapokutana. Kwa blanketi la kumi kwa nane ni mafundo sitini na matatu. Unashusha sindano yenye uzi wa sufu kupitia tabaka zote tatu, unaipandisha hatua ndogo pembeni, unafunga mara mbili, unakata. Nilidhani nitafunga peke yangu kwa jioni tatu. Mama mkubwa aliwaita wenzake wa jumuiya. Walikuja watano saa nane mchana, wakaketi kuzunguka blanketi lililotandazwa juu ya mkeka chini ya mparachichi, kila mmoja na sindano yake, na katikati pakawekwa kisahani cha kahawa za kutafuna. Hakuna aliyeuliza namna ya kufunga. Walizungumzia bei ya maharage, harusi iliyoahirishwa, na mtoto wa mtu ambaye sikumjua aliyempeleka mama yake Bukoba kupimwa macho akamwacha stendi. Walipofika fundo la mwisho walikuwa bado hawajamaliza habari ya stendi, wakabaki hapo mikono juu ya kitambaa mpaka jua likazama.

Niliwauliza swali langu. Mmoja akajibu kwa niaba ya wote kwamba hatua mbaya ni ile ya kutunga uzi kwenye sindano, na waliopo wenye miaka zaidi ya hamsini wakasema amina.

Pindo nilipinda kwa mkono, jioni mbili, kwa taa ya sola. Halina habari.

Usiku wa mwisho kabla sijarudi Mwanza, mama mkubwa aliomba kulijaribu. Nilimtandikia kitandani kwake. Hakutazama juu. Alishika ukingo, akageuza, akapitisha kidole kwenye mafundo ya upande wa kijivu, akavuta mawili matatu kuona kama yatalegea. Kisha akaligeuza tena na kuanza kulisoma, kidole kikitoka kiraka hadi kiraka, kama anayefuata mistari ya Biblia.

"Hiki cha kipaimara chako. Hiki alinunua Murongo, nikamwambia kitachuja, hakunisikia. Hiki nilimpa mimi. Hiki cha mgombea. Hakushinda, lakini kitambaa chake kigumu." Alikwenda hivyo safu kwa safu, akikosea mara moja tu na kujirekebisha mwenyewe. Kwenye safu ya sita akasimama juu ya zambarau.

"Na hiki?"

Nikamweleza: pasi, cheche, gunia la fundi.

Alikitazama muda mrefu, akakikunjakunja kidogo kwa vidole kusikia uzito wake.

"Hiki ndicho kizuri," alisema, akalivuta blanketi mpaka kidevuni.